Vipele vyeupe usoni: soma dalili kabla hujabinya

Mtu mwenye vipele vyeupe usoni akifika kwenye kaunta ya duka la dawa, ni mara chache aulize hivi ni vitu gani. Huanza moja kwa moja: "Dada, nipe ile tyubu ya kukausha." Tyubu yenyewe, mara nyingi kuliko anavyodhani, ndiyo iliyoleta nusu ya vipele hivyo.

Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa malalamiko yanayosikika kila siku, si kwa majina ya kitabibu. Tafuta maelezo yanayofanana na uso wako, anza na sababu ya kwanza maana ndiyo inayowapata wengi, kisha shuka. Utaona kwamba karibu kila mahali hatua ya kwanza ni kuacha kitu, si kununua kingine.

Kwanza, jitazame dirishani

Nawa uso kwa maji na sabuni laini, futa, ngoja dakika chache. Simama na kioo kando ya dirisha ili mwanga uje kutoka upande mmoja. Taa ya juu huficha vipele vidogo. Fumba macho upitishe kidole: kuna kilichoinuka, au ni rangi tu iliyobadilika? Kisha vuta ngozi taratibu kwa vidole viwili. Kipele chenye kitundu kidogo katikati si sawa na punje iliyofungwa kabisa, na tofauti hiyo peke yake hutatua kesi nyingi. Jiulize kama vinawasha, kama vyote vina ukubwa mmoja, na ni kitu gani kipya ulianza kupaka au kumeza miezi miwili kabla havijatokea. Swali hili la mwisho watu hulijibu haraka haraka kwamba hakuna. Fungua kabati uangalie.

"Ni punje ngumu nyeupe, haziumi, na nikibinya hakitoki kitu"

Hizi hukaa chini ya macho, kwenye kope, juu ya mashavu na kando ya pua. Upana wake ni milimita 1 hadi 2, na zinaweza kukaa miezi bila kukua wala kupungua.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni vifuko vya keratini, ambavyo madaktari huviita milia. Keratini ni protini ileile inayojenga kucha na nywele. Ngozi huitengeneza na kuipukutisha kila siku bila wewe kuona. Hapa imenaswa ndani ya kifuko kidogo kilichozibwa pande zote, chini kidogo tu ya uso wa ngozi. Hakina tundu, hakina usaha, hakina vijidudu. Ndiyo maana kubinya hakuzai kitu isipokuwa wekundu, uvimbe, na baadaye doa jeusi. Punje hizi haziambukizi, na wala hazitokani na kutonawa.

Nyingi hujitokeza zenyewe. Nyingine hufuata ngozi iliyoumia: pale mafuta ya moto yaliporuka, pale palipokuwa na malengelenge, baada ya uso kuchubuliwa kwa asidi saluni, au baada ya miezi ya kupaka krimu yenye steroidi, yaani dawa kali ya kushusha uvimbe na mwasho. Zinazofuata kidonda mara nyingi huondoka zenyewe ngozi inapokomaa upya.

Anza na rahisi. Acha kupaka mafuta ya mgando, siagi ya shea na krimu nzito za usiku kuzunguka macho kwa wiki kadhaa. Hazijathibitishwa kuwa ndizo chanzo, ila hupotezi kitu kuziacha, na ngozi ya pale haihitaji mafuta mazito. Acha skrabu ya sukari au ya chumvi. Kifuko kiko chini ya ngozi, msuguo wa juu haukifikii.

Zikikaa miezi na zinakukera, kuna njia mbili. Ya kwanza ni jeli ya adapalini, dawa ya chunusi ya jamii ya vitamini A, ya asilimia 0.1, kiasi cha mbegu ya mbaazi kwa uso mzima, usiku, ukianza na siku moja kwa kila tatu. Haipakwi kwenye kope wala karibu na ukingo wa jicho, na mjamzito au anayetarajia kushika mimba asiiguse. Subiri miezi miwili hadi mitatu ndipo uhukumu. Njia ya pili ni kutolewa na mtaalamu wa ngozi: hupasua kwa ncha safi, punje hutoka nzima, kazi ya dakika chache. Akipendekeza kuzigandisha kwa nitrojeni, muulize kuhusu rangi ya ngozi yako. Baridi ile huua pia seli za rangi, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha baka jeupe linaloonekana kuliko punje yenyewe.

Sindano ya nyumbani usiijaribu. Watu huniambia waliichoma kwanza kwenye moto wa kibiriti, kana kwamba moto ndio mafunzo ya upasuaji. Karibu na jicho mkono ukiteleza hakuna wa kuurudisha. Aliye na historia ya makovu yanayotuna anaweza kuachiwa kovu kubwa kuliko punje. Na kama ni saluni, sindano moja ikipita kwenye nyuso kadhaa inaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B na VVU.

Sababu ya pili ni vivimbe vidogo vya mirija ya jasho. Vina rangi ya ngozi au manjano hafifu kuliko weupe, hujipanga chini ya macho yote mawili kwa usawa, huanza baada ya balehe, huonekana zaidi kwa wanawake, na mara nyingine mama au shangazi anavyo pia. Havina madhara. Hakuna krimu inayovifuta, na anayekuuzia moja kwa ahadi hiyo anauza kopo tu.

Ya tatu ni mabamba laini ya manjano kwenye kope upande wa puani, yaliyotengenezwa na mafuta ya kolesteroli. Hapa kapime mafuta kwenye damu hata kama unajisikia mzima. Takribani nusu ya wenye mabamba haya vipimo vyao huwa sawa, lakini hujui uko nusu ipi.

Simama, muone daktari, ikiwa punje iko kwenye ukingo wa kope, inakua, inatoka damu au imefanya kidonda. Vivyo hivyo kama migongo ya mikono yako hupata malengelenge ukikaa juani, ngozi inachunika kirahisi, na malengelenge yakipona yanaacha punje nyeupe. Kuna ugonjwa wa ini na damu unaojitangaza namna hiyo, na hauponi kwa krimu ya uso.

"Paji la uso na kidevu vimejaa vipele vidogo, ngozi inakwaruza"

Ukitazama kwa mbali huoni kitu. Mwanga wa pembeni ukipiga, paji zima lina vinundu vidogo vya rangi ya ngozi au vyeupe. Ukivuta ngozi, kila kimoja kina kitundu kidogo sana juu. Hii ni chunusi iliyofungwa: kinyweleo kimezibwa na mchanganyiko wa mafuta ya ngozi na seli zilizokufa, bado hakijavimba. Ukikibinya kwa nguvu unakipasulia ndani, na kesho yake una chunusi nyekundu yenye maumivu pale ambapo hapakuwa na shida kubwa.

Sababu ya kwanza ni homoni, hasa kati ya balehe na miaka ya ishirini. Ya pili, na hii ndiyo unayoweza kuitibu bure, ni vinavyopakwa kichwani na usoni. Mafuta ya nywele, grisi ya kusukia, jeli ya kulaza nywele za mbele: vyote huteremka na jasho hadi kwenye paji. Dalili yake ni mpaka. Vipele vimejazana kando ya nywele na kwenye panja, vinapungua ukishuka kuelekea nyusi. Anayesukwa kila wiki mbili na anayevaa wigi lenye mkanda wa kubana hupata zaidi. Kofia ngumu ya bodaboda, hasa ile ya abiria inayovaliwa na kila mtu, huongeza msuguo, joto na mafuta ya vichwa vya wengine.

Ya tatu ni dawa. Isoniazidi ya kifua kikuu, fenitoini ya kifafa, vidonge vya steroidi, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango, vinaweza kuleta vipele vya aina hii. Usiache dawa ya kifua kikuu au ya kifafa kwa sababu ya uso. Mwambie anayekuhudumia, vipele vina tiba na dawa iendelee.

Chakula? Vyakula vyenye sukari nyingi, na kwa wengine maziwa, vinaweza kuchangia kidogo. Mafuta ya chipsi hayapandi usoni.

Kwa wiki nne za kwanza ondoa tu. Mafuta ya nywele yapakwe nyuma na kati, si mbele. Usiku funga kitambaa safi cha pamba kichwani ili foronya isinywe mafuta na kuyarudisha shavuni. Uso unawe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini. Sabuni ya kufulia na zile za kuua vijidudu hukausha ngozi hadi inawaka, kisha mtu anatuliza kwa mafuta mazito na mzunguko unaanza upya. Kama unahitaji mafuta usoni, chagua losheni nyepesi yenye maandishi kwamba haizibi vinyweleo.

Wiki nne zikipita bila nafuu, ongeza kitu kimoja, si vitatu. Adapalini kwa utaratibu uleule niliotaja juu ndiyo chaguo langu la kwanza kwa vipele vilivyofungwa. Kwa asiyeivumilia, asidi ya salisiliki ya asilimia 2. Vikichanganyika na chunusi nyekundu, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5 husaidia. Ya asilimia 10 haina faida kubwa ya ziada ila inaunguza zaidi, na zote huchuja rangi ya taulo na kanga, basi tumia taulo nyeupe. Wiki mbili za mwanzo ngozi inaweza kukauka na vipele kuonekana vimezidi. Wengi huacha hapo hapo. Kipimo cha haki ni wiki 8 hadi 12. Mchana paka losheni ya kukinga jua, maana kwenye ngozi yetu mwasho wowote ukikutana na jua huacha weusi.

Dawa ya meno, magadi na kitunguu saumu vinaunguza. Ndimu ina ubaya wake wa pekee: maji yake yakibaki usoni ukatoka juani, yanaweza kuleta malengelenge na doa jeusi la miezi.

Muone daktari ikiwa vipele vimekuwa vinundu vya ndani vinavyouma na kuacha mashimo, maana hapo kila wiki ya kungoja ni kovu. Na kwa mwanamke ambaye hedhi inaruka miezi huku ndevu zikiota kidevuni: tatizo liko kwenye homoni, paji ni kioo tu.

"Vimetoka ghafla, vyote saizi moja, usoni na hata kifuani"

Chunusi ya kawaida huja kwa mchanganyiko: kubwa, ndogo, nyeupe, nyeusi. Vipele vikitoka ndani ya siku chache na vyote vikifanana, fikiria mambo matatu.

Krimu yenye steroidi inatangulia. Hapa ndipo tyubu ya kukausha inaporudi. Madukani kuna krimu za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali ndani ya tyubu moja, zinazouzwa kwa kila kitu kinachowasha. Kwenye mikorogo na krimu za kujichubua steroidi hiyohiyo huwekwa pamoja na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, na nyingine zebaki, hata kama kopo limeandikwa karoti au papai. Soma viambato: klobetasoli, betamethasoni, mometasoni, fluosinonidi. Kopo lisilo na orodha ya viambato kabisa, au mkorogo uliochanganywa saluni, uhesabu kuwa ina steroidi hadi ithibitike vinginevyo.

Ujanja wa steroidi ni kwamba wiki ya kwanza inafanya kazi. Wekundu unashuka, uso unang'aa, mteja anarudi kushukuru. Kisha ngozi inakonda, vipele vidogo vinavyofanana vinajaa, mishipa myembamba inaonekana mashavuni, nywele ndogo ndogo zinaota usoni. Wengine hupata vipele kuzunguka mdomo na pua, na ukingo mwembamba tu kando ya midomo unabaki salama. Mtu akiacha, uso unawaka na kuvimba, anarudia tyubu, inamtuliza, naye anaamini kwamba ngozi yake "imeizoea dawa."

Ukaguzi ni huu: je, uso unawaka ndani ya siku mbili tatu za kuacha, na unatulia ukipaka tena? Kama ndiyo, karibu una jibu. Kwa aliyetumia wiki chache, acha kabisa, nawa kwa maji na sabuni laini, usipake kitu kingine zaidi ya losheni nyepesi isiyo na manukato, na ujiandae kwa wiki kadhaa za uso mbaya kuliko mwanzo. Kwa aliyetumia miezi au miaka, usiache peke yako. Daktari wa ngozi anaweza kukushusha hatua kwa hatua na kukupa vidonge vya kutuliza uvimbe.

Hapa onyo ni kali zaidi. Aliyekuwa anapaka mwili mzima kwa muda mrefu, kisha akaacha na kujisikia mnyonge sana, kizunguzungu na kutapika, aende hospitali siku hiyohiyo; mwili umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe. Anayevimba miguu na kope, na mkojo una povu, apimwe figo na ataje krimu zote bila haya, kwa sababu zebaki huingia kupitia ngozi na kuharibu figo. Mjamzito anayetumia krimu hizi aseme kliniki. Serikali za Kenya, Tanzania na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni, lakini marufuku hayajawahi kuzuia mkoba wa muuzaji kufika mlangoni.

Sababu ya pili ni hamira ya ngozi, fangasi anayeishi juu ya kila mtu na kustawi kwenye joto, jasho na mafuta. Vipele vyake vinawasha, chunusi ya kawaida haiwashi sana. Hupenda paji kando ya nywele, kifua cha juu, mabega na mgongo. Kidokezo kikubwa: uliandikiwa antibiotiki za chunusi, ukamaliza dozi, vipele vikazidi. Jaribu shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 kama sabuni: paka povu kwenye eneo husika, acha dakika 5, suuza, kila siku kwa wiki mbili hadi nne, ukilinda macho. Mafuta ya nazi na ya zeituni yasiguse uso wakati huo. Fangasi huyu anakula mafuta. Ikirudi msimu wa joto, rudia mara moja au mbili kwa wiki.

Ya tatu ni harara. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari haihitaji maelezo marefu: oga, vaa nguo nyepesi, kaa penye upepo, acha mafuta. Ikitulia siku chache baada ya kupoa, ilikuwa harara.

Kama mwasho ni mkali hadi unakuamsha usiku, na vipele viko usoni, shingoni na kifua cha juu kwa wiki nyingi, kapime VVU. Kuna aina ya vipele vya namna hiyo inayofuata kinga iliyoshuka, na tiba yake halisi ni kupandisha kinga.

"Kipele kina kishimo katikati"

Kwa mtoto, sababu ya kwanza ni moluskamu, virusi vya ngozi. Vipele ni vya mviringo, vinang'aa, rangi ya lulu, na kitovu kidogo katikati. Ukikiminya hutoka kitu cheupe kizito, nacho ndicho chenye virusi: mtoto hujikuna, akajipandikizia shavu la pili, akampa mdogo wake kwa taulo. Kwa mtoto mwenye afya huondoka vyenyewe, mara nyingi kati ya miezi 6 na 18. Tenga taulo, fupisha kucha, usibinye. Vikiwa karibu na jicho, mpeleke hospitali.

Kwa mtu mzima vikijaa usoni, vikubwa vikubwa, pima VVU. Kwa anayeishi na VVU, sikiliza hili vizuri: vipele vyenye kishimo usoni pamoja na homa, kichwa kinachouma kwa siku kadhaa, shingo ngumu, kikohozi au kukonda, havisubiri miadi ya mwezi ujao. Kuna fangasi wa damu na ubongo anayetoa vipele vinavyofanana kabisa na moluskamu. Ni hospitali leo.

Homa, mitoki iliyovimba na vipele vinavyouma vinavyogeuka malengelenge na kupata kishimo vinaweza kuwa Mpox, ugonjwa wa virusi ambao zamani uliitwa ndui ya nyani, ambao tangu 2024 umeripotiwa Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, mbali na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jitenge na upige simu kituo cha afya kabla hujaingia.

Kwa aliyevuka miaka 40, kipele laini cha manjano chenye kishimo kwenye paji au shavu mara nyingi ni tezi ya mafuta iliyopanuka tu. Haidhuru. Lakini daktari akione mara moja, kwa sababu saratani fulani ya ngozi huanza na sura inayokaribia hiyo.

Na kwa mwenye ualbino sisemi mara nyingi wala labda. Kipele chochote kipya, kigumu, chenye gamba au kinachotoka damu, kisichopona ndani ya wiki nne, kinaonwa na mtaalamu, awe na miaka 15 au 50. Saratani ikikatwa mapema inapona. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimefanya kazi hii kwa miongo, na KiliSun, losheni ya kukinga jua iliyoanza kutengenezwa hapo, ni kwa ajili ya ngozi hiyo hasa.

"Vilianza baada ya kunyoa"

Wanaume wengi wana nywele zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Kipele kina kichwa cheupe, kiko kidevuni au shingoni, na ukitazama karibu unaona unywele umelala chini. Usinyoe kwa wiki nne. Ukirudi, tumia mashine na uache nywele za milimita 1. Wembe unaokata chini kabisa ndio unaochonga ncha ya kurudi ndani. Kung'oa unywele kwa kibano huandaa kipele kinachofuata.

Vikiwa bapa juu, rangi ya ngozi, vimejipanga mstari kufuata njia ya wembe, hizo ni sunzua bapa za virusi. Wembe unazisambaza, na mashine ya kinyozi isiyosafishwa vizuri inazihamisha kwa mteja anayefuata. Acha kunyoa eneo hilo, subiri au muone daktari. Dawa kali za sunzua za miguuni usizipake usoni.

"Mtoto wangu mchanga ana vidoti vyeupe puani"

Takribani nusu ya watoto huzaliwa navyo. Ni punje zilezile za keratini, na huisha zenyewe ndani ya wiki chache, kwa baadhi hadi miezi mitatu. Usibinye, usisugue kwa kanga, usipake mafuta ya nazi wala maziwa ya mama. Punje kama hizo zikiwa kwenye fizi au kaakaa, nazo huondoka. Bibi au jirani akisema ni "meno ya plastiki" na yakatwe, mama, kataa. Watoto wamepoteza damu na uhai kwa visu hivyo.

Vipele vyekundu vyenye vichwa vyeupe vinavyotokea wiki ya pili hadi ya nne pia hupita kwa maji safi tu. Lakini mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye malengelenge au vipele vya usaha, pamoja na homa au mwili wa baridi, au anayekataa kunyonya, au amelegea, mkimbize hospitali hata kama ni usiku. Na mtoto mkubwa kidogo mwenye vinundu vingi puani na mashavuni pamoja na degedege au kifafa aonwe na daktari wa watoto, hata kama vinundu havimsumbui.

Mambo mawili ya haraka

Vidoti vya manjano au vyeupe ndani ya ukingo wa midomo, visivyouma, vya miaka: ni tezi za mafuta za kawaida, watu wazima wengi wanazo. Viache.

Kama kidole hakikuhisi kitu kilichoinuka, una mabaka, si vipele. Mengi ni fangasi au ukavu. Liguse kwa kipande cha pamba huku umefumba macho; baka lisilohisi pamba liangaliwe ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure.

Ukiamua kwenda kwa daktari

Baadhi ya hospitali za mkoa au kaunti zina mtabibu aliyesomea ngozi, hata pasipo daktari bingwa. Uliza mapokezi, usikubali kuambiwa tu urudi kesho. Nenda bila vipodozi usoni. Beba makopo na tyubu zote, pamoja na ile unayoionea aibu na ile isiyo na jina, na sabuni. Piga picha kwenye mwanga wa dirishani siku vipele vilipokuwa vibaya zaidi, maana siku ya miadi uso huwa umetulia. Taja dawa unazomeza, sindano ya uzazi wa mpango, na kama una mimba au unanyonyesha. Siku mbili kabla, usipake kitu, ila krimu ya steroidi uliyoitumia miezi mingi usiiache peke yako. Akikuandikia tyubu, muulize maswali matatu kabla hujasimama: ina steroidi? Nipake kwa siku ngapi? Nikiona nini niache?